Saini tatu za Naivasha na moja ya Mombo nisiyoijua: wajuzi wa Safari Rally njooni

#1 Mgoshi wa Mombo

Wakuu, salaam.

Nimerudi jana usiku. Miguu imevimba, koo bado lina vumbi la Naivasha, na begini nina karatasi tatu ambazo mke wangu ameshauliza mara mbili kama zinaliwa. Uzi huu una sehemu mbili: ya kwanza majigambo, ya pili swali. Asiyependa majigambo arukie swali, sitakasirika.

Majigambo. Nimetoka Korogwe kwa basi mpaka Arusha, Namanga, Nairobi, halafu matatu mpaka Naivasha, kwa ajili ya Safari Rally, yale mashindano ya magari ya Kenya, ya tarehe 20 hadi 23 Machi 2025. Chumba nilichokilipia nusu kwa simu nikakuta wamempa mtu mwingine, kwa hiyo usiku wa kwanza nimelala kwenye kiti cha plastiki karibu na mlinzi wa gesti, tukibadilishana blanketi. Asubuhi nikawa wa kwanza kwenye foleni. Kila jambo na faida yake.

Kambi ya sevisi ipo pale kwenye Taasisi ya Utafiti na Mafunzo ya Wanyamapori. Mimi kwa ujinga wangu nilidhani saini unaipata kwa kusimama mbele ya hema la timu na kupiga kelele. Nikasimama saa mbili nzima mbele ya hema la Toyota, nikaona migongo ya mafundi tu. Gari likiingia linanyanyuliwa, magurudumu yanatoka, watu kumi wanaliingilia kama siafu, dereva anapotelea ndani. Sevisi ya jioni ni kama dakika 45, na ndani ya hizo dakika hakuna mtu wa kukusikiliza wewe na kofia yako.

Aliyenifungua macho ni kijana mmoja wa Nakuru muuza maji. Aliniambia, "Mzee, usingoje mlangoni mwa hema, ngoja pale kabla ya saa." Kabla ya kuingia kambini kuna kituo cha muda. Gari limepangiwa dakika yake. Likichelewa dakika moja linaadhibiwa sekunde 10. Likiwahi dakika moja, linaongezewa dakika nzima! Kwa hiyo madereva hufika mapema kidogo, wanasimama nyuma ya kibao cha njano, wanazima injini, wanasubiri. Dakika tatu, nne, wakati mwingine sita. Wamechoka, wamejaa vumbi hadi kope, na hawana kazi nyingine. Hapo ndipo mkono wa mtu hupita dirishani.

Katsuta nilimpata Ijumaa. Kwa Wakenya yule Mjapani ni kama mtoto wa nyumbani: wa pili 2021, wa tatu 2022, wa nne 2023, wa pili tena 2024. Watu walikuwa wanaimba jina lake. Maka peni yangu ikagoma! Vumbi lilikuwa limeziba ncha. Naisugua kwenye suruali, naitikisa, moyo unadunda, mama mmoja nyuma yangu akanisukumia peni yake ya bluu ya shule juu ya bega. Saini ya Katsuta niliyonayo ni ya peni ya shule. Jumamosi nikampata Neuville, bingwa wa dunia wa 2024, na mwelekezi wake Wydaeghe kwenye karatasi hiyohiyo. Karatasi ya tatu ni ya kijana wa Kenya ambaye sitamtaja maana saini yake na jina lake havifanani hata kidogo na nisije nikakosea.

Sasa swali.

Marehemu baba alizaliwa Mombo mwaka 1955. Maisha yake yote alituambia kwamba alipokuwa darasa la tano alisainiwa daftari na dereva wa Safari. Ilikuwa enzi zile mashindano yanapita Kenya, Uganda na Tanzania, na magari yakishuka milima ya Usambara usiku. Daftari ninalo. Lina kurasa 48, nyuma lina jedwali la kuzidisha, na ndani ya jalada kuna gari limechorwa kwa penseli, pembeni yake saini ya wino mweusi. Haisomeki. Inaanza na kama K kubwa, halafu viwimbi viwili, halafu mkia mrefu unaoshuka chini, halafu nukta mbili, halafu mstari mrefu wenye kitanzi mwishoni.

Picha nimeiweka hapo chini. Ni nani huyu?

#2 Kisiki Kikavu

Nimekaa siti ya mbele.

Ila mkuu, mtu mzima umepanda basi kutoka Korogwe hadi Naivasha kwenda kuandikiwa jina la mtu mwingine kwenye karatasi. Hiyo nauli ungenunua mbuzi.

#3 Mgoshi wa Mombo

@Kisiki mbuzi ningemla Pasaka, leo ningekuwa sina mbuzi wala saini.

#4 Kedong254

Mgoshi karibu sana Kenya, na pole kwa hayo ya gesti. Wiki ya rally Naivasha watu hugeuka, hata choo hulipishwa kama chumba.

Huyo kijana wa maji alikuelekeza vizuri sana. Mimi nimeenda kila mwaka tangu 2021 na ningependa kuongezea kidogo kwa wale watakaokuja.

Kwanza, watu wengi hukimbilia dereva na kumsahau mwelekezi. Yule ndiye anasoma noti, ndiye anajua kona ijayo, na dirisha lake huwa halina mtu. Ukimwita kwa jina lake atageuka kwa mshangao. Saini ya dereva bila ya mwelekezi ni nusu ya gari.

Pili, usingoje Jumapili. Mkondo (kipande cha njia wanachokimbizana na saa) wa Hell's Gate ndio wa mwisho na una pointi za ziada, kila mtu ana presha, wengine tayari gari limewafia. Siku nzuri ni zile za mwanzo wanapofanya mazoezi na kuzinduliwa, kabla mikondo ya Kedong na Sleeping Warrior haijawavunja mioyo. Dereva ambaye ametoka kupasua tairi mbili kwenye mkondo mmoja usimpelekee kofia. Nilifanya hivyo 2022. Aliniangalia tu. Alisaini, lakini aliniangalia.

Tatu, vumbi. Lile la kule si vumbi la kawaida, ni unga. Beba maka peni mbili ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, toa kofia ya peni wakati gari limesimama, si kabla.

Kuhusu daftari la mzee, hiyo K inanichanganya. Kankkunen?

#5 Nyundo ya Fundi

Kankkunen alizaliwa 1959, Kedong. Baba yake Mgoshi akiwa darasa la tano, Kankkunen alikuwa anajifunza kuvaa viatu huko Finland. Safari zake alizishinda 1985, 1991 na 1993.

Tutulie tuhesabu. Mzee kazaliwa 1955, darasa la tano ni 1966 au 1967. Tuangalie mchoro: gari lina mapezi nyuma, pembe mbili zinazochongoka juu ya taa. Hiyo ni Peugeot 404, sina wasiwasi. Na nani alishinda 1966 na 1967, miaka yote miwili, kwa Peugeot 404? Bert Shankland na Chris Rothwell. Shankland alikuwa Mskoti, lakini makazi yake Tanzania. Mtu wa kwetu huyo! Kwa mtoto wa Mombo, huyo ndiye angekuwa shujaa wa kuombwa saini.

Tatizo ni K. Bert hana K. Shankland ana k lakini katikati.

#6 Kedong254

Sawa, nimekubali, hesabu zilinitoka.

Na Joginder Singh? 1965 alishinda na kaka yake Jaswant kwenye Volvo. Kila mtoto wa Afrika Mashariki alikuwa anajiita Joginder. Mpaka leo hapa kwetu dereva wa matatu akikimbiza gari anaulizwa kama anajifanya Joginder.

#7 Nyundo ya Fundi

Volvo ya Joginder ilikuwa PV544, ile ya mgongo wa kobe. Hakuna mapezi. Labda mtoto alichora gari moja na kusainiwa na mtu wa gari lingine, watoto ni watoto. Lakini Joginder naye hana K, ana J. Hata ukiigeuza karatasi kichwa chini.

#8 Bi Mkubwa wa Ruwi

Assalaam aleikum. Mie sina nilijualo la Safari, nilizaliwa Unguja nikaletwa Maskati mdogo, lakini uzi huu umenigusa kwa hizo saini.

Mwaka jana mwanangu alinipeleka Bahrain kwenye mbio za masaa manane, zile za magari ya ustahimilivu, mwezi wa Novemba. Kule hakuna kungoja kwenye kibao cha njano. Kabla ya mbio wanafungua njia ya mbele ya magereji, kila mwenye tiketi anaingia, na madereva wamekaa nyuma ya meza watatu watatu kwa kila gari, wanasaini kadi za timu mpaka muda uishe. Watu wa kawaida tu, unasimama mbele yake kama unavyosimama mbele ya muuza halua.

Sasa kwenye meza ya BMW nambari 46 foleni ilikuwa imepinda mara tatu. Kulikuwa na Valentino Rossi, yule Mtaliana wa mapikipiki, bingwa mara tisa. Watu wamevaa manjano kutoka utosini hadi unyayoni. Na pembeni yake amekaa Ahmad Al Harthy, kijana wetu wa Oman, dereva wa gari hilohilo. Mie nilifika pale, nikamwangalia Rossi, nikampita, nikampelekea Al Harthy kadi yangu kwanza. Mwanangu aliona aibu, akanambia mama watu wote wamekuja kwa Rossi. Nikamwambia kadi ni moja, saini zote tatu zitaingia, lakini ya kwanza iwe ya wa kwetu.

Kadi ipo kwenye kabati la vyombo. Wageni wakija wanadhani ni ya harusi.

#9 Kisiki Kikavu

Bi Mkubwa hii ya harusi umenimaliza.

Naona hata mimi naanza kulainika. Ila swali la kibiashara: hizi saini zina bei? Katsuta wa peni ya bluu akiuzwa tunapata hata jogoo?

#10 Mkusanya Karatasi

Naomba nijibu hapa kwa urefu kidogo maana hili ndilo eneo langu. Nakusanya saini za wanamichezo mwaka wa 15 sasa.

Bei ipo, ila soko limejaa uongo kuliko soko la asali. Cha kwanza kinachowapoteza watu ni kadi za timu. Timu nyingi huchapisha kadi yenye picha ya dereva na saini yake tayari ikiwa imechapishwa humohumo. Wanagawa bure, mtu anaipeleka mtandaoni na kuandika "imesainiwa na mwenyewe." Hajadanganya sana, maana saini ni ya mwenyewe kweli, lakini aliisaini mara moja tu na mashine ikafanya zilizobaki. Chukua kioo cha kukuzia, hata cha sonara. Saini iliyochapishwa utaona imejaa vidoti vidogo vya rangi kama picha yenyewe. Ya mkono utaona wino umelala juu ya picha, ukiinamisha kadi kwenye mwanga unang'aa tofauti, na pale mistari inapopishana utaona mmoja umepita juu ya mwingine.

Pili, linganisha na mazingira. Dereva aliyekaa mezani huandika jina karibu lote. Yuleyule akisaini akiwa amefungwa mkanda ndani ya gari, kofia ya chuma kichwani, mkono unapita dirishani, utapata mkwaruzo na mstari. Kwa hiyo saini iliyonyooka sana ambayo mtu anadai aliipata barabarani inanitia shaka kuliko iliyopinda. Ya Mgoshi ya Katsuta nimeiona kwenye picha: imepinda, wino umekatika katikati, na kuna alama ya kidole cha vumbi kwenye kona. Hiyo ukiniuliza mimi ina thamani kwa sababu ya kile kidole.

Utunzaji: msipige lamineti! Nimeona mtu kaipiga lamineti saini ya mwanasoka mkubwa, joto likayeyusha wino ukawa wingu. Tumieni mfuko wa plastiki laini usio na gundi, msiweke ukutani panapopiga jua, na kama ni kofia msiifue kamwe.

Sasa daftari la Mombo. Wino wa saini umetawanyika kwenye nyuzi za karatasi, ni wino wa kalamu ya kuchovya au ya kujaza, si bolpeni. Nani alikuwa na kalamu ya wino ndani ya gari la mashindano, usiku, Usambara? Mnisaidie hapo.

#11 Mzee Tochi

Vijana, nimeusoma uzi wote bila miwani, kwa hiyo mnivumilie.

#12 Mgoshi wa Mombo

Shikamoo mzee wetu. Tunakusikiliza.

#13 Mzee Tochi

Marahaba mwanangu.

Mimi nilikuwa kijana wa kubeba karabai kwenye kituo cha muda, upande wa Korogwe. Sitasema mwaka kamili, ila Peugeot 404 ndizo zilikuwa zinatamba. Huyo mwenzenu aliyesema 1966 na 1967 hajakosea. Na 1968 ilishinda tena Peugeot 404, ya Nick Nowicki, mwaka ule walioanza ni 93 na waliofika mwisho saba tu. Saba! Leo mtu akipasua tairi analia kwenye televisheni.

Sikilizeni jinsi ilivyokuwa. Hakukuwa na kambi ya sevisi kama hiyo ya Naivasha. Njia ilikuwa maelfu ya kilomita, siku nne mchana na usiku. Kila timu ilitawanya mafundi wake njia nzima, huyu Mombo, yule Same, mwingine huko Mbulu, na tairi, mafuta, taa na chai. Mafundi wanafika siku mbili kabla, wanaegesha, wanasubiri.

Gari likifika kwenye kituo chetu, dereva hashuki. Nasema hashuki. Mwelekezi ndiye ananyoosha mkono na kadi ya muda, karani wa kituo anaandika saa na dakika, anatia saini yake yeye, anarudisha. Wanaondoka na mawe yanaruka. Mimi nilibeba taa miaka mitatu mfululizo na uso wa dereva niliuona mara mbili, mmoja alikuwa amelala mdomo wazi na mwenzake ndiye anaendesha.

Kwa hiyo mtoto wa darasa la tano kupata saini ya dereva usiku Mombo, sisemi haiwezekani, nasema mimi nilikuwepo na sikuipata. Na kalamu ya wino nakumbuka ilikuwa ya karani wa kituo.

#14 Kisiki Kikavu

Aaah mzee umetuvunjia nyumba.

#15 Mgoshi wa Mombo

Nimekaa na jibu la Mzee Tochi tangu jana. Sitaki kuficha, liliniuma kidogo. Baba hakuwa mtu wa kuongeza chumvi. Alikuwa mwalimu, akihesabu mpaka viberiti.

Nikampigia shangazi, dada yake mkubwa, yuko Lushoto. Nikamuuliza, shangazi, unakumbuka habari za daftari la Safari? Akacheka sana. Nawaletea alivyonisimulia, nimefupisha.

Babu alikuwa na kibanda cha chai Mombo. Wiki ya Pasaka likaja gari lenye nyuma ndefu, Peugeot, limepakia tairi mpaka juu, likaegesha kando ya kibanda. Mafundi wawili, mmoja Mzungu haongei, mwingine Mswahili wa Tanga mjini, mrefu, mfukoni mwa shati ana kalamu ya wino. Walikaa siku mbili. Yule wa Tanga alikuwa anakunywa chai ya tangawizi bila sukari, jambo lililomshangaza bibi mpaka akawa anamuita Mgonjwa. Baba alikuwa hatoki pale. Alipewa kazi ya kushika tochi wakipanga vifaa, akapewa na kofia ya karatasi.

Usiku wa magari, anasema shangazi, gari lao lilikuja kwa kishindo, likasimama, Mzungu na Mgonjwa wakalirukia, baba kashika tochi, likaondoka. Muda wa kumeza mate tu. Baba akaanza kulia kwa sababu alikuwa ameshika daftari mkono mwingine na hakupata hata nafasi ya kulinyoosha. Mgonjwa akalichukua daftari, akaandika, akamrudishia. Akalala akiwa amelikumbatia.

Kwa hiyo ni fundi, wakuu. Sijui nisikitike au nifanyeje. Jina lake shangazi halijui, anamjua kwa Mgonjwa.

#16 Bi Mkubwa wa Ruwi

Usisikitike hata kidogo. Wallahi mie machozi yamenitoka, na niko dukani.

#17 Nyundo ya Fundi

Mkuu mimi jina langu humu ni Nyundo ya Fundi na nimefanya kazi gereji miaka 22. Hakuna mtu aliyewahi kuniomba saini isipokuwa mwenye gari akitaka risiti. Hilo daftari ningelipiga fremu.

#18 Kedong254

Bila gundi lakini, Mkusanya Karatasi asije akatufokea.

Mimi nitasema tu hapa kwetu kuna jamaa amemwita mwanawe McRae kwa sababu ya Colin McRae, na huyo mtoto amekua, anaendesha rally mwenyewe, McRae Kimathi, ameenda mpaka kwenye theluji ya Sweden 2022. Kama jina zima linaweza kuhama kutoka kwa dereva hadi kwa mtoto, saini ya fundi kuhesabika ya dereva ni jambo dogo sana.

#19 Karani wa Halmashauri

Habari za asubuhi wanajukwaa. Mimi huwa napita kimya kimya, ila nimeikuza picha ya daftari kwenye kompyuta ya ofisini na naomba nichangie jambo moja.

Mmekaa siku nne mnatafuta dereva anayeanza na K. Kankkunen, sijui nani. Mimi kazi yangu ni barua, na hiyo alama naiona mara thelathini kwa siku. K kubwa, viwimbi viwili ambavyo ni n, mkia unaoshuka ambao ni y, halafu nukta mbili.

Hilo si jina, wakuu. Hiyo ni Kny:

Kwa niaba ya. Mgonjwa alisaini kwa niaba ya dereva.

#20 Kisiki Kikavu

😂😂😂 Nimeanguka chini.

#21 Mkusanya Karatasi

Nimeitazama tena. Nukta mbili zipo kwenye kimo sawa na zimebonyezwa kwa nguvu, si tone la wino. Karani, nakuvulia kofia. Miaka 15 nakusanya saini, sijawahi kuona iliyosainiwa kwa niaba kwa uaminifu namna hii. Wengine wote wanaosaini kwa niaba huwa wanaficha.

#22 Nyundo ya Fundi

Nina shaka moja lakini. Miaka ile fundi wa magari angejua wapi mambo ya Kny? Ofisi nyingi si zilikuwa bado zinaandika Kiingereza?

#23 Karani wa Halmashauri

Shaka yako ni halali. Lakini mtu mwenye kalamu ya wino mfukoni mwa shati hakuzaliwa gerejini. Tanga ya wakati ule ilikuwa mkonge, reli na bandari, makarani tele. Inawezekana alipita huko kwanza.

#24 Mgoshi wa Mombo

Nimemsomea shangazi majibu yenu kwa simu, spika wazi, wajukuu wake wote wamezunguka. Nilipofika kwenye Kny alinyamaza. Halafu akasema baba alikuwa anajua. Akiwa mwalimu, kila akimsainia mkuu wa shule barua alikuwa anaandika Kny na kucheka peke yake, na walimu wenzake hawakujua anacheka nini.

Alituambia miaka yote kwamba alisainiwa na dereva wa Safari. Kikaratasi kabisa, kisheria, hakusema uongo.

Karatasi za Naivasha nimeziweka kwenye bahasha moja na daftari. Mke wangu ameacha kuuliza kama zinaliwa.

#25 Mzee Tochi

Mgoshi, hicho kibanda cha babu yako kilikuwa upande wa stesheni au upande wa njia panda ya Lushoto?

#26 Mgoshi wa Mombo

Shangazi anasema upande wa stesheni mzee, chini ya mwembe.

#27 Mzee Tochi

Mrefu, chai bila sukari. Subirini. Kuna mtu Tanga, Chumbageni, nataka kumpigia, ila huwa anapokea baada ya swala ya alasiri.